Roho Tatu

Fundi bati hakutaka wakili, hakutaka chai, hakutaka hata kukaa. Alisimama katikati ya chumba cha mahojiano, mikono imening'inia, vidole vimejaa makovu ya kukata mabati, akarudia maneno yaleyale aliyoyasema tangu jana alipotiwa mahabusu.

"Bati ni langu. Misumari niliigongomea mwenyewe. Mke wangu nimemuua mimi. Sasa mnaniuliza nini tena?"

Inspekta aliyeketi mbele yake ndiye ambaye kituo kizima kilimwita Bi Tena. Mtu akimaliza kumweleza jambo, mama huyu huinamisha kichwa kidogo na kusema, "Hebu tena," na mtu hueleza upya, na katika kule kueleza upya ndipo uongo huanza kutoka jasho. Wakubwa wake walimheshimu kwa hilo. Wenzake walimtania. Mumewe, kwa mujibu wa Sajenti asiyejua kufunga mdomo, alishaacha kabisa kumsimulia alikopitia baada ya kazi.

Leo hakusema "Hebu tena." Alikuwa akimtazama mwanamume ambaye mkewe angezikwa alasiri hiyo hiyo bila yeye kuwapo.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na jiji zima lilikuwa nayo mdomoni. Jana mchana, helikopta ya wagonjwa ilishuka chini mno juu ya soko. Upepo wa pangaboi lake uling'oa mabati ya vibanda kama mtu anayefunua vifuniko vya sufuria. Bati moja lilishuka kwa ukingo wake na kumkata mke wa fundi, mshona nguo, aliyekuwa amesimama uchochoroni nje ya kibanda chake. Alikufa palepale, futi ya kupimia ingali shingoni. Bati lilikuwa la kibanda chake mwenyewe, na aliyeliezeka ni mumewe.

"Angebaki ndani kwenye cherehani yake, angekuwa mzima," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Lakini alitoka."

"Alitoka kufanya nini?"

Fundi aligeukia ukuta.

"Bi, nami nina swali moja. Yule mgonjwa aliyekuwa ndani ya ndege. Alipona?"

Bi Tena alifunga faili. Mahabusu hakuna redio, na ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyemwambia.

"Nitakujibu kabla ya alasiri," alisema, akatoka haraka kuliko alivyoingia.

Ukumbini alikutana na suti nyeusi iliyopigwa pasi ikapigika. Ndani ya suti alikuwamo mpwa wa Mwenyekiti wa baraza la jiji, mfanyabiashara wa helikopta, mwenye macho mekundu ya msiba na simu mbili mkononi. Mgonjwa wa jana alikuwa mjomba wake. Mwenyekiti alianguka ofisini, ghorofa ya juu kabisa, moyo ukimsumbua, na foleni ya mchana ilikuwa imefunga barabara zote. Mpwa aliita helikopta, akapanda naye mpaka hospitali. Mjomba hakupona.

"Inspekta, mwambieni yule fundi kwamba familia yetu haina kinyongo naye," mpwa alisema. "Mabati yake yaliruka mbele ya ndege, rubani akalazimika kuzunguka, mjomba wangu akachelewa kufika. Kwa hiyo ameua wawili. Lakini sisi tumemsamehe. Sheria tu ifanye kazi yake."

Bi Tena alipigwa na butwaa. Katika kazi yake alishaona watu wakilia kwa uongo na wakicheka kwa hofu, ila msamaha uliovaa suti na kupulizia marashi namna ile hakuwahi kuuona.

"Hebu tena," alisema.

Mpwa alirudia, neno kwa neno, bila kubadilisha hata pumzi. Halafu akapanda ngazi kwenda kunywa chai na Mkuu wa kituo.

"Kimenyooka mno," Bi Tena alimwambia Sajenti.

"Nini, kitambaa cha suti yake?"

"Kisa chake."

Sajenti alicheka, kisha akaacha, maana jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Yeye ndiye aliyepewa hati ya mashtaka ya fundi, kosa la uzembe uliosababisha vifo viwili, na Mkuu alitaka ifike mahakamani siku hiyo. Ilikuwa lazima apatikane wa kubeba lawama. Baraza, likiongozwa na huyo huyo marehemu Mwenyekiti, lilikuwa limepiga marufuku kwa muda helikopta zote zisizo za lazima juu ya jiji: za watalii, za maharusi, za matajiri wanaokimbia foleni. Ziliachwa za wagonjwa, zimamoto na polisi. Sheria ilisema wazi kwamba safari ya lazima haishitakiwi kwa madhara ya upepo wake. Ndege haikuweza kuguswa, rubani hakuweza kuguswa, akabaki mwenye nyundo.

"Asubuhi nilipanda jengo linaloangalia soko," Bi Tena alisema wakiwa ndani ya gari. "Nilitaka kuliona kwa juu, kama ndege inavyoliona. Unajua mapaa yamevuliwaje? Kwa duara. Katikati vibanda vina mabati yake, pembeni vina mabati yake, na kati ya hapo kuna pete nzima iliyo wazi, kama alama ya sufuria kwenye meza."

"Sasa?"

"Ndege inayopita huacha mstari, Sajenti. Na kwenye hiyo pete kuna mabati yaliyofungwa kwa boriti na waya na mafundi wengine kabisa. Yote yameng'oka. Rubani ameandika kwamba alikwepa mara moja tu, akaendelea na safari."

Sajenti alikuna kidevu. Tangu hapo hakutania mpaka walipofika uwanja wa ndege.

Mwongozaji wa ndege aliwapokea juu ya mnara, katika chumba cha vioo pande zote, chenye baridi ya kugandisha. Alikuwa mwanamume mkimya mwenye fulana ya sufu, aliyezungumza na watu kama anavyozungumza na marubani: maneno machache, kila moja mahali pake. Aliwawekea rekodi ya jana. Sauti ya rubani, ambaye wote pale walimwita Kipanga, ilisikika ikikwaruza katikati ya kelele za pangaboi.

"Mnara, ndege ya wagonjwa hapa. Naondoka juu ya jengo la Mwenyekiti kuelekea hospitali kuu."

"Umesikika. Roho ngapi?"

"Roho tatu."

"Ruka."

Kikafuata kimya. Halafu: "Mnara, uwanja wa hospitali una ndege nyingine. Nasubiri." Kimya tena, kirefu. Halafu: "Natua hospitali." Safari hii, nyuma ya sauti ya Kipanga, kulikuwa na mwanamke anayepiga kelele. Maneno hayakushikika.

"Tena," alisema Bi Tena. "Pale kwenye roho."

Mwongozaji alirudisha. Roho tatu.

Sajenti alihesabu kwa vidole. "Kipanga mwenyewe. Muuguzi wa ndege. Mpwa. Na Mwenyekiti kwenye machela. Hao ni wanne, na taarifa zote zinasema wanne. Mmoja hakuwemo! Muuguzi, afande. Hakuwemo, ndiyo maana mzee wa watu akafa njiani. Wamemwandika tu kuficha aibu!"

"Na huyo mwanamke anayepiga kelele ni nani?" Bi Tena aliuliza. "Mwenyekiti?"

Sajenti alikunja vidole vyake.

"Rubani anaweza kukosea hesabu ya watu wanne?" Bi Tena alimgeukia mwongozaji.

"Hapana. Hicho ni kitu cha kwanza wanachofundishwa, na tunawauliza kila safari. Ndege ikianguka, waokoaji wajue wanatafuta wangapi." Jambo fulani lilikuwa likimjia mwongozaji usoni polepole, na halikumpendeza. "Ila hatuulizi watu. Tunauliza roho. Ndege inaweza kuwa na watu wanne na roho tatu."

"Vipi?"

"Ikibeba maiti. Maiti haihesabiwi. Kwetu maiti ni mzigo."

Chini, kwenye njia ya kurukia, gari la mafuta lilikuwa likijivuta taratibu kana kwamba hakuna lililotokea duniani. Sajenti alimgeukia Bi Tena.

"Mungu wangu. Walimpakia ameshakufa! Maiti ina haraka gani? Hiyo si safari ya lazima, hiyo ni matembezi. Afande, fundi yuko huru!"

Hata Bi Tena alihisi roho yake ikishuka mahali pake kwa mara ya kwanza tangu jana. Ilikuwa imekaa vizuri. Mzee amekufia ofisini, familia haitaki isemwe amekufa kwa kukosa huduma, wanampandisha ndege iandikwe kwamba walijitahidi. Aibu, lakini aibu ya kawaida ya binadamu. Ilibaki kumwuliza daktari alipokea nini.

"Una uhakika hukuiona ndege ilipokuwa inasubiri?" alimwuliza mwongozaji wakiwa mlangoni.

"Ilipotelea nyuma ya maghorofa. Nilidhani imekwenda kusubiri juu ya mto, wanakosubiri siku zote. Kule hakuna watu chini."

Daktari wa dharura alikuwa akinawa mikono walipomkuta, na aliendelea kunawa muda wote wa mazungumzo, mpaka Bi Tena akaelewa kwamba mikono ilishatakata zamani.

"Maiti?" alisema. "Nani kakwambia nililetewa maiti?"

"Tunauliza tu, daktari."

"Mwenyekiti aliletwa akiwa hai. Ngozi ina joto, macho yanajibu mwanga, moyo unatapatapa. Nilimkandamiza kifua mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Amekata roho mezani kwangu, nikimtazama." Alifunga bomba, akalifungua tena. "Mshipa wa moyo uliziba. Angefika mapema kidogo tu, tungeuzibua. Tunafanya hivyo kila siku."

Sajenti alimtazama Bi Tena. Rangi ilikuwa imemtoka Sajenti usoni, yeye ambaye maiti za ajali alizibeba huku akisimulia habari za mpira.

"Na ndege nyingine?" Bi Tena aliuliza. Aliisikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu wa chumba cha pili. "Rubani alisema uwanja wenu una ndege nyingine."

"Ndege gani? Uwanja ulikuwa mtupu. Tulikuwa tumesimama pale juu, mimi na wenzangu, machela tayari. Tuliisikia ndege. Hilo ndilo linaloniuma. Tuliisikia inanguruma ng'ambo ya maghorofa, upande wa soko, inanguruma tu, haiji. Mwenzangu mmoja akasema, labda wamepotea. Mtu anapoteaje angani, Inspekta?"

Bi Tena aliomba kiti. Hakuwa mtu wa kuomba viti. Alikaa kwenye ukumbi wa hospitali, machela zikipita mbele ya magoti yake, akajaribu kulipanga jambo ambalo akili yake ilikuwa ikilisukuma nje ya mlango kila linapobisha. Mzee alifika hospitali akiwa hai. Lakini kabla hata ndege haijaondoka juu ya jengo, kabla ya soko, kabla ya bati hata moja kuruka, Kipanga alishamtoa kwenye hesabu ya walio hai.

"Aliambiwa," alisema kwa sauti. "Kuna mtu alimwambia."

Muuguzi wa ndege alikuwa nyumbani kwa dada yake, chumba cha mbele, kwenye kochi, na ovaroli yake ya kazi ameipakata kama mtoto. Kampuni ya mpwa ilimpa likizo ghafla na kumsihi asiseme na mtu, kwa heshima ya msiba. Dada mtu alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mdogo wangu hajala tangu jana. Mkimliza, mtaniona."

"Dada, hatujaja kumliza," Bi Tena alisema. Kisha, kwa muuguzi: "Nieleze kuanzia ndege ilipotua juu ya jengo."

"Nilishuka mbio na wabeba machela, walinzi wa jengo, mpaka ofisini kwa mzee. Alikuwa sakafuni. Nikashika mkono, mapigo yapo. Dhaifu, lakini yapo. Nikamwekea oksijeni. Nikamwambia, Baba, tunakwenda. Alinibana kidole."

"Mpwa alikuwa wapi wakati huo?"

"Hakuwepo ofisini. Nilipofika juu na machela, nilimkuta anazungumza na Kipanga dirishani. Akakaa mbele, mimi nikakaa nyuma na mgonjwa. Tukaruka."

"Ulimwambia rubani kwamba mgonjwa yuko hai?"

Muuguzi alimtazama kana kwamba ameulizwa kama maji yanalowesha. "Nilimwambia kwenye kipaza sauti, tukiwa tumenyanyuka tu. Mapigo yapo, kimbiza! Kipanga aligeuka. Alinitazama, akamtazama mgonjwa, akashtuka, dada yangu. Alishtuka kama ameona mzimu. Kisha akamtazama mpwa. Na mpwa hakusema neno. Alinyanyua kidole tu, akafanya hivi."

Alinyanyua kidole cha shahada, akakizungusha hewani, taratibu, duara moja.

"Maana yake nini?" Sajenti aliuliza.

"Sijui. Ila ndege ililala ubavu, ikashuka mpaka nikaona kamba za nguo juu ya mapaa. Tukaanza kuzunguka. Nikapiga kelele, tunakwenda wapi, mgonjwa ananifia! Wakazima kipaza sauti changu. Nikaona mabati yanaruka. Nikaona watu wanakimbia. Na mpwa akanyanyua kidole tena." Alijifunika uso kwa ovaroli. "Alikizungusha tena."

Dada mtu aliuachia mwiko ukaanguka. Hakuinama kuuokota.

Kipanga alikalishwa chumba kilekile alimosimama fundi asubuhi. Alikuwa na mabega mapana na mikono iliyotulia juu ya meza, mikono ya mtu aliyezoea kutulia wakati wengine wanatapika. Aliwaeleza kwa upole kwamba alikwishaandika taarifa. Mabati yaliruka, akakwepa, hakuna zaidi. Kuhusu roho tatu, ulimi uliteleza.

"Umerusha ndege miaka yote hiyo," alisema Bi Tena, "ulimi wako umeshateleza mara ngapi kwenye roho?"

"Mara moja hiyo."

"Na ndege nyingine iliyokuwa hospitali?"

"Nilidhani nimeiona."

"Kabla ya marufuku ulikuwa unarusha nini?"

"Watalii. Ndege hiyohiyo. Bosi aliipaka rangi nyeupe tu, akaikodisha kwa wagonjwa. Za kwake nyingine zimelala bandani, mjomba wake alizifungia."

"Marufuku ya muda."

"Ya muda. Kesho kutwa baraza lilikuwa linapiga kura iwe ya kudumu, na mzee ndiye aliyekuwa akiisukuma..."

Bi Tena hakuuliza swali jingine. Alimtazama usoni. Kisha akanyanyua kidole cha shahada juu ya meza, akakizungusha hewani, taratibu, duara moja.

Bega la kushoto la Kipanga lilishuka. Mkono wake wa kulia ukakunja ngumi kwenye usukani usiokuwepo, ukaulaza upande, mwili mzima ukainama nao. Ilikuwa ni nukta tu. Alipotambua alichokifanya, alikuwa ameshakifanya, na Sajenti alikuwa amekiona, na mkono ulibaki pale mezani umelala ubavu.

"Hebu tena," alisema Bi Tena, karibu kwa kunong'ona.

Kipanga aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Kisha akaanza kulia, bila sauti.

"Ni ishara ya picha," alisema. "Wageni wakitaka kupiga picha za soko, bosi alikuwa akikaa mbele, anazungusha kidole. Nashuka, nazunguka. Akizungusha tena, nazunguka tena. Miaka yote. Mkono unakwenda wenyewe."

"Juu ya jengo alikwambia nini?"

"Alisema mjomba ameshatutoka. Kwamba tunambeba kwa heshima tu, nisikimbie. Nikahesabu roho tatu kwa sababu ndizo nilizojua ninazo. Naapa, Bi. Halafu muuguzi akasema mapigo yapo, nikamtazama bosi, nikijua atasema kimbiza. Ni mjomba wake! Yule mzee ndiye kamlea, kamsomesha!"

"Akazungusha kidole."

"Akazungusha kidole. Nikasema nazunguka mara moja, namtii mara moja, halafu nakwenda. Nikashuka chini ya maghorofa ili mnara usinione. Halafu akazungusha tena." Kipanga aliinua uso uliolowa. "Kila nilipomtazama alikuwa ametulia, anaangalia chini kwenye soko. Kama mgeni anayechagua picha."

Sajenti alisogeza kiti chake nyuma, mbali na meza, kama mtu aliyekaribia shimo. Alikuwa na umri wa kutosha na alishaona maovu ya kutosha, lakini alitikisa kichwa na kuendelea kukitikisa.

"Nenda juu," Bi Tena alimwambia. "Yuko kwa Mkuu, wanakunywa chai. Mwache kwanza amalize kikombe, usije ukamwagiwa."

Ulikuwa ni mzaha, lakini haukumfanya yeyote acheke, hata yeye mwenyewe. Baada ya muda walisikia hatua nyingi darini, na sauti ya Mkuu ikiuliza kitu mara mbili, mara ya pili kwa ukali, na sauti laini ya mpwa ikijibu kwamba lazima kuna makosa. Kisha ngazi zililia. Mpwa alipita mbele ya mlango uliokuwa wazi, pingu mikononi, suti bado imenyooka. Alimwona Kipanga, akasimama. Hakutukana. Alimtazama tu, kwa kuudhika, kama anavyotazamwa dereva aliyekosea kona.

Fundi bati alirudishiwa mkanda wake, viatu na pete. Bi Tena aliichana hati ya mashtaka mbele yake, kisha akamsogezea kiti. Fundi alibaki amesimama.

"Gari linakusubiri nje. Utawahi mazishi."

"Bi, uliniahidi jibu. Yule mgonjwa alipona?"

"Hakupona."

Fundi alifumba macho. "Basi ni kweli. Bati langu limeua wawili."

"Bati lako halina kosa, na misumari yako haina kosa. Nimepanda juu nikaona kwa macho yangu. Ndege haikupita pale, baba. Ilizunguka palepale, juu ya kibanda chenu, tena na tena. Hakuna msumari duniani ambao ungeshika."

"Ilikuwa inasubiri nini?"

Maisha yake yote ya kazi, Bi Tena alikuwa mtu wa kuuliza. Kujibu kulimshinda. Alishika ukingo wa meza.

"Ilikuwa inasubiri mgonjwa afe."

Fundi alimtazama midomo, kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

"Tena," alisema.

"Ilikuwa inasubiri afe. Ndugu yake ndiye aliyetaka."

"Tena, Bi."

Alimwambia tena, kutoka mwanzo, juu ya jengo, kidole, uwanja wa hospitali uliokuwa mtupu. Fundi alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake bila kukiangalia, akakaa. Pete ilikuwa bado kiganjani.

"Uliniuliza alitoka kufanya nini," alisema hatimaye. "Asubuhi nilishindwa kukwambia. Ndege ya wagonjwa ikipita, mke wangu alikuwa na tabia ya kuacha cherehani. Hata kama mteja yuko pale anasubiri. Anatoka nje, anainua uso, anamwombea mgonjwa afike. Nilikuwa namcheka. Namwambia, mama, hata humjui ni nani."

Alivaa pete, akaizungusha mpaka ikakaa.

"Majirani wanasema jana alikaa sana pale nje. Walimwita arudi ndani, mabati yanatikisika. Akawaambia bado haijaondoka, ngoja kwanza niimalizie dua hii."